Mapitio ya huduma: Mpango wa Ongezeko la Bayoanuwai kwa mradi wa nyumba nane kusini mwa Uingereza

Mapitio haya yanahusu huduma ya kampuni ndogo ya washauri wa ikolojia iliyotuandalia Mpango wa Ongezeko la Bayoanuwai (bayoanuwai ni wingi wa aina za viumbe hai na makazi yao), waraka ambao usipoidhinishwa mwendelezaji haruhusiwi kuanza kujenga hata kama kibali chake kimekwisha kutolewa. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, kwa sababu nina sifa za kuitolea na pia dosari za kueleza, na kwa sababu ninayoyaandika yatamfaa hata mtu atakayeajiri kampuni nyingine ya kazi hiyo. Ninawaandikia hasa Waswahili wenzetu walioko Uingereza ambao, kama familia yetu, walianza kwa kukarabati nyumba za watu, wakaingia katika ujenzi wa nyumba chache za kuuza, na sasa wanakutana na sharti hili baada ya kumlipa msanifu majengo.

Sharti lenyewe limetokana na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021, ambayo iliongeza Jedwali la 7A katika Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1990. Lilianza kutumika kwa miradi mikubwa tarehe 12 Februari 2024 na kwa miradi midogo tarehe 2 Aprili 2024, na linahusu England peke yake, si Uskoti wala Wales. Kila kibali kinachoguswa na sheria hii huhesabiwa kuwa kimetolewa kwa masharti ya kwamba thamani ya bayoanuwai baada ya ujenzi itazidi ile ya kabla ya ujenzi kwa asilimia 10 au zaidi. Aliyezoea ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira zinazopelekwa kwa mamlaka za mazingira nchini Tanzania au Kenya ataona tofauti mapema: kule kazi kubwa ni kueleza madhara na namna ya kuyapunguza, ilhali hapa mwendelezaji anatakiwa kuonyesha kwa hesabu kwamba viumbe watapata zaidi ya walichokuwa nacho, kisha aulinde uongezekaji huo kwa miaka isiyopungua 30 baada ya ujenzi kukamilika.

Kiwanja chetu kilikuwa malisho ya farasi yenye ukubwa wa hekta 0.6, na mradi ulikuwa wa nyumba nane. Kwa kipimo cha sheria huo ni mradi mdogo, kwa kuwa nyumba hazifiki kumi na eneo halifiki hekta moja. Tulipoomba makadirio ya bei, kampuni tatu zilijibu. Mbili zilituma bei tu. Hii tuliyoichagua ilituma kwanza maswali: ardhi ilitumiwaje tangu Januari 2020, je, kuna miti mikubwa ya kale, mtaro wa maji umepita wapi, na je, msanifu amekwisha kuchora. Jibu letu kwa swali la mwisho lilikuwa kwamba alikuwa na mchoro wa awali tu, nao wakatuomba tusimruhusu aendelee mpaka upimaji wa makazi ya viumbe ukamilike. Ushauri huo, ambao haukuwa na malipo yoyote, ndio ulionifanya niwaamini, na mpaka leo ninaona kuwa ni sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika huduma yao.

Swali la Januari 2020 lina sababu yake. Miongoni mwa wajenzi zipo fununu kwamba ukiingiza trekta na kufyeka kila kitu kabla ya mpimaji kufika, hesabu itaanzia kwenye udongo mtupu na asilimia 10 itakuwa rahisi kuifikia. Sheria iliona hilo mapema. Ikiwa makazi ya viumbe yameharibiwa tarehe 30 Januari 2020 au baada ya hapo bila ruhusa, thamani inayohesabiwa ni ile iliyokuwapo kabla ya uharibifu, na mamlaka ya mipango inaweza kuitafuta katika picha za angani. Mshauri wetu alilieleza jambo hili kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, na akakataa kabisa kujadili njia ya mkato.

Vilevile walikuwa waaminifu kuhusu nani asiyehitaji huduma yao. Ndugu yetu mmoja aliyetaka kupanua jiko la nyumba yake aliwapigia simu akiwa tayari kulipa, wakamwambia kwamba maombi ya mwenye nyumba kwa ajili ya makazi yake yamesamehewa. Wamesamehewa pia wanaojenga mradi unaogusa makazi ya viumbe yasiyofika mita 25 za mraba, na uzio hai au mkondo wa maji usiofika mita 5, ilimradi yasiwepo makazi ya kipaumbele, yaani yaliyoorodheshwa kuwa muhimu kwa uhifadhi, yanayoathirika. Wapo pia wanaojijengea wenyewe nyumba zisizozidi tisa katika eneo lisilozidi hekta 0.5. Mwaka 2025 serikali ilikusanya maoni kuhusu kulegeza masharti kwa miradi midogo, kwa hiyo anayesoma haya azikague kanuni zilizopo siku atakayowasilisha maombi yake.

Sasa nieleze upimaji wenyewe, kwa sababu hapo ndipo ubora au udhaifu wa mshauri hujulikana. Hesabu zote hufanywa katika kikokotoo cha kisheria kilichotolewa na Defra, wizara ya mazingira, chakula na masuala ya vijijini. Kikokotoo hicho ni lahajedwali ya Excel inayopatikana bure. Kinazidisha ukubwa wa eneo kwa alama ya upekee wa makazi, kwa alama ya hali yake na kwa alama ya umuhimu wake katika mkakati wa eneo hilo, kisha kinatoa vizio vya bayoanuwai. Upekee wa chini una alama 2, wa kati 4, wa juu 6 na wa juu sana 8. Hali mbaya ni 1, ya wastani 2 na nzuri 3. Mtu yeyote mwenye kujua Excel anaweza kujaza namba hizo. Asichoweza ni kujua namba ipi ni ya kweli, na hilo halijulikani mpaka mtu apige magoti kwenye nyasi.

Mpimaji wetu alikuja mwezi wa Juni, nyasi zikiwa zimechanua, na akafanya hivyo hasa. Alitandaza fremu ya mita moja ya mraba mahali pengi na kuhesabu aina za mimea iliyomo. Sehemu kubwa ya malisho, kiasi cha hekta 0.4, ilikuwa imetawaliwa na Lolium perenne na Trifolium repens, mimea ya kawaida ya malisho yaliyotiwa mbolea, nayo ikaandikwa kuwa nyasi zilizobadilishwa na binadamu, zenye upekee wa chini na hali ya wastani. Lakini pembe ya chini, iliyokuwa chepechepe na ambayo farasi hawakuipenda, ilikuwa na mimea ya maua ya mwituni kama Lathyrus pratensis, Centaurea nigra, Lotus pedunculatus na mingine, na kila alipoweka fremu alipata aina tisa au zaidi. Idadi hiyo ndiyo inayoyatoa majani hayo katika kundi la kwanza na kuyaingiza katika nyasi asilia zenye upekee wa kati.

Tazama tofauti inayotokea. Hekta 0.2 za pembe ile, kama zingeandikwa kuwa sawa na malisho mengine, zingekuwa na vizio 0.8. Zilipoandikwa ipasavyo zikawa na vizio 1.6, sawa kabisa na hekta 0.4 zilizobaki. Jumla ya kiwanja ikawa vizio 3.2, na lengo letu likawa vizio 3.52. Mshauri asiye mwangalifu, au mwenye kutaka kumfurahisha mteja, angeandika namba ndogo na kutupunguzia gharama kwa muda, mpaka mtaalamu wa halmashauri atembelee kiwanja na kuirudisha kazi yote. Wetu alitupa namba iliyotuumiza, akaambatanisha picha na orodha ya mimea kwa kila sehemu aliyoweka fremu, na halmashauri haikuuliza swali hata moja kuhusu upimaji huo.

Kwa sababu ramani ya makazi ilipatikana kabla ya michoro, msanifu aliweza kuhamisha nyumba mbili alizokuwa amezipanga kwenye ile pembe yenye majimaji. Sehemu hiyo sasa inabaki kuwa eneo la pamoja, na mvua inayotoka mapaani inaelekezwa kwenye bwawa dogo lililo kando yake. Mhandisi wa mifereji alishukuru kuliko sisi, maana misingi ya nyumba mahali pale ingekuwa ghali. Sheria inataka mpango ueleze hatua zilizochukuliwa kupunguza madhara, na kampuni nyingi hujaza kipengele hicho kwa sentensi za jumla. Wetu waliambatanisha mchoro wa awali na mchoro wa mwisho, wakaonyesha ni nini kimeokolewa na kwa uamuzi gani.

Jambo lingine walilolisimamia vizuri ni bustani za nyumba. Msanifu alikuwa amechora miti ya matunda katika kila bustani, akitumaini itatuongezea vizio. Walimweleza kwamba bustani ya mtu binafsi huhesabiwa kwa alama moja ya chini iliyokwisha kupangwa, na miti mipya itakayopandwa ndani yake haihesabiwi, kwa kuwa hakuna awezaye kumzuia mnunuzi kuikata wala kuingia kuikagua kwa miaka 30. Miti ilibaki kwenye mchoro kwa uzuri wake, ila haikuingia kwenye hesabu.

Kwa mantiki hiyohiyo waliuweka uzio hai mpya nje ya mipaka ya bustani, ukiwa na njia nyembamba ya kupita mtunzaji. Uzio huo ulihitajika kwa sababu barabara ya kuingilia ilikata sehemu ya uzio wa zamani, na kikokotoo hakiruhusu hasara ya uzio kufidiwa kwa nyasi: vizio vya maeneo, vya uzio hai na vya mikondo ya maji ni vitabu vitatu tofauti, na kila kimoja kinapaswa kuongezeka kwa asilimia 10 peke yake. Walichagua Crataegus monogyna, Prunus spinosa, Corylus avellana, Acer campestre na Rosa canina, ili kila mita 30 ziwe na aina zisizopungua tano za miti ya asili, kiwango kinachoufanya uzio uhesabiwe kuwa wenye aina nyingi.

Pamoja na juhudi zote hizo, kiwanja hakikuweza kujitosheleza. Tulibakiwa na pengo lililokaribia kizio kimoja cha eneo, na kwa kuwa tulihitaji kununua nje ya kiwanja, kikokotoo chepesi zaidi kilichotengwa kwa ajili ya miradi midogo hakikutufaa tena, ikabidi kutumia kile kikubwa. Hapa mshauri alitufungulia njia mbili. Ya kwanza ni kununua vizio kwa mwenye ardhi aliyesajili makazi yake katika rejista inayosimamiwa na Natural England, shirika la serikali la uhifadhi wa asili, ambako ada ya kusajili eneo ni pauni 639 inayolipwa na mwenye ardhi. Ya pili, inayoruhusiwa pale tu mbili za mwanzo, yaani kiwanjani na sokoni, zinaposhindikana, ni kununua vizio vya serikali. Vya daraja la chini kabisa vinauzwa pauni 42,000 kimoja bila VAT, na unalazimika kununua viwili kufidia pengo la kimoja, kwa hiyo pengo letu lingegharimu kiasi cha pauni 84,000. Bei hiyo imewekwa juu makusudi ili watu wasiikimbilie. Tulinunua sokoni kwa chini ya nusu ya hapo.

Walitusaidia pia kuepuka ofa iliyoonekana nafuu kutoka mkoa wa mbali. Vizio vilivyo nje ya halmashauri yako na nje ya eneo lako la mandhari (England imegawanywa katika maeneo ya namna hiyo kwa kufuata sura ya ardhi, si mipaka ya utawala) hupunguzwa thamani: vya jirani huhesabiwa robo tatu, vya mbali zaidi huhesabiwa nusu. Ofa ile ya bei ndogo, baada ya kukatwa nusu, ilikuwa ghali kuliko ya shamba lililo karibu nasi. Mimi nililifurahia hilo kwa sababu nyingine pia, kwamba nyasi zitakazopandwa kwa fedha zetu ziko mahali ambapo wanunuzi wa nyumba zetu wanaweza kwenda kuziona.

Nifike kwenye dosari, ambazo si ndogo.

Ya kwanza ni muda. Mpango hauwezi kuwasilishwa kabla ya siku inayofuata siku ya kutolewa kibali, na mamlaka ina wiki 8 za kuuamua. Washauri wetu waliisoma kanuni hiyo kana kwamba inakataza hata kuandika. Walisubiri kibali kitoke ndipo waanze kukusanya vipande, wakati ramani, hesabu na makubaliano ya awali na muuza vizio vyote vilikuwa mezani tangu maombi ya kibali yalipopelekwa. Hakuna kinachozuia rasimu kukamilika mapema na kusubiri tarehe tu. Kuchelewa huko kulitugharimu riba ya mkopo na kulimpoteza fundi wa misingi, ambaye alichukua kazi nyingine.

Ya pili ni mpango wa utunzaji na ufuatiliaji wa makazi, waraka unaoambatana na mpango mkuu na unaosema nani atafanya nini kwa miaka 30. Walichotuletea mwanzoni kilikuwa kirefu, kimejaa misimbo ya makazi na vigezo vya hali, na hakikuwa na ukurasa hata mmoja ambao mkata nyasi angeweza kuushika na kufanya kazi. Ninaliona hili kuwa kosa kubwa zaidi katika sekta nzima, kwa sababu nyasi asilia haziharibiwi na mtu mbaya, huharibiwa na fundi mwema anayekata mapema na kuyaacha majani chini. Majani yakiachwa yanaoza, yanaurutubisha udongo, na nyasi zenye nguvu zinaifunika mimea dhaifu yenye maua, mpaka baada ya miaka michache zile aina tisa zinarudi kuwa nne au tano. Tuliomba kalenda ya kurasa mbili inayosema ukate lini, kwa urefu gani, na uyaondoe majani upeleke wapi. Waliiandika vizuri sana tulipoiomba. Ingepaswa kuwepo tangu mwanzo, na ninaamini halmashauri zinapaswa kuidai.

Ya tatu ni bei isiyo kamili. Makadirio yao yalihusu upimaji, hesabu na uandishi. Hayakutaja ada ya halmashauri ya kufuatilia, gharama za wakili wa makubaliano ya kifungu cha 106 cha ile Sheria ya Mipango, yaani mkataba na halmashauri, yanayoufunga uongezekaji wa kiwanjani, wala ziara za mwanaikolojia katika miaka ya baadaye. Hawakutudanganya, lakini mjenzi mdogo hupanga fedha zake kwa kutazama karatasi moja, na karatasi ile ilikuwa imeacha nje sehemu nzito. Yeyote anayeomba makadirio ya bei aombe yaandikwe hadi mwaka wa 30, hata kama namba za mwisho zitakuwa za kukisia.

Kuhusu sifa za kitaaluma, wapimaji wao ni wanachama wa CIEEM, chama cha kitaaluma cha wanaikolojia, na walieleza kwamba wanafuata kiwango cha Uingereza BS 8683 cha mwaka 2021 kuhusu ongezeko la bayoanuwai. Uanachama huo si lazima kisheria kwa kila kazi. Kinachotakiwa ni mtu mwenye uwezo unaothibitika, na kwa upimaji wa hali ya mito ni lazima awe amepata mafunzo maalumu. Hata hivyo ningemshauri mtu aombe kuona upimaji mmoja wa nyasi waliokwisha kuufanya, maana orodha ya mimea yenye tarehe na picha humwonyesha mtu kazi halisi kuliko herufi zinazofuata jina. Aulize pia kuhusu popo na salamanda wanaolindwa, kwa kuwa mpango huu hauchukui nafasi ya sheria za viumbe hao. Wetu walilisema hilo katika barua yao ya kwanza na wakapendekeza upimaji wa popo kwenye banda la farasi lililotakiwa kubomolewa.

Nitawaajiri tena, kwa mkataba unaoweka tarehe ya rasimu kabla ya siku ya uamuzi wa kibali. Mwishoni mwa kazi walituandikia, bila kuombwa, maelezo ya ukurasa mmoja kwa ajili ya wanunuzi: pembe ile ya nyasi ni ya nani, kwa nini haikatwi mwezi wa Mei, na mchango wa kila nyumba kwa kampuni ya usimamizi unatumika katika nini. Wakili wetu ameyaambatanisha na mikataba ya mauzo ya nyumba zote nane, na familia mbili za kwanza ziliyasoma na kuuliza maswali mazuri kabla ya kutia sahihi.